Boya lililohama: miaka miwili ya kupanga mbio za mitumbwi Kigoma

Nimepigiwa simu mara mbili mwezi huu na watu wa mialo mingine, yaani pwani wanakoshukia wavuvi, huku Kigoma. Wanataka kuanzisha mbio za mitumbwi na wanauliza sisi tulifanyaje. Nimeona bora niandike yote mara moja, maana kwa simu mtu husimulia mazuri tu. Mwaka wa kwanza tulifanya vibaya, na kijana wa miaka 16 nusura atufie ziwani.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, kwenye Ziwa Tanganyika. Nina vichanja sita. Nanunua alfajiri mitumbwi inaporudi, naanika, nawauzia wanaosafirisha kwenda Tabora na Dar es Salaam. Kamati ilinichagua katibu kwa sababu naweza kutunza daftari. Ziwa nalijua kwa kuishi nalo, lakini habari za kupanga mashindano nilikuwa sizijui hata kidogo, na wenzangu kwenye kamati walikuwa vivyo hivyo. Tulidhani ni kuweka boya, kupuliza filimbi na kutoa zawadi.

Tulichagua Nane Nane ya mwaka 2023 kwa kuwa ni sikukuu na watu wangejaa. Hakuna aliyeangalia mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa, na watu wengi hupumzika siku hizo. Siku ile mwezi ulikuwa umeshapungua, unachomoza usiku wa manane, kwa hiyo jioni nzima ilikuwa giza la kazi. Wapiga kasia wetu wengi walishuka kwenye vyombo alfajiri ileile macho mekundu, wakanawa uso, wakaja kuchukua fulana za mashindano. Kosa hilo lilifanyika kwenye kalenda, miezi miwili kabla, na mimi ndiye niliyeandika tarehe.

Njia niliichora kwenye karatasi. Kutoka Kibirizi kwenda kusini, kupita mbele ya mdomo wa ghuba ya Kigoma, kuzunguka boya upande wa Bangwe, kisha kurudi. Kilomita 12 kwa kipimo cha simu. Mitumbwi 14, kila mmoja watu wanne. Anayefika wa kwanza ndiye mshindi, asiyemaliza hana kitu. Kanuni zetu zote zilikuwa hizo, hazikujaza hata nusu ukurasa.

Tulitangaza kuanza saa 2 asubuhi. Mgeni rasmi akachelewa. Mzee mmoja mvuvi alinifuata mara mbili, akaniambia, "Mama Shukuru, waachieni watoto waende, maji haya hayatasubiri." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, tuvumilie kidogo, mgeni yuko njiani." Hata leo jibu lile linaniuma. Waliondoka saa 5:40.

Aliyeishi pwani yetu anajua maana ya saa hiyo. Asubuhi maji mara nyingi yametulia. Jua likishawaka juu ya nchi kavu, upepo unaanza kuvuta kutoka ziwani, yaani kutoka magharibi, na kadiri mchana unavyokua ndivyo mawimbi yanavyokua. Mtumbwi unaokwenda kusini unapigwa ubavu wa kulia. Ukigeuza, unapigwa ubavu wa kushoto. Na njia yangu ya karatasi iliwapeleka watu wale mpaka mbele ya mdomo wa ghuba saa 6 mchana, mahali ambapo ufukwe wa kukimbilia uko mbali kuliko kwingine kote njiani.

Mitumbwi mitano iligeuza njiani ikarudi. Mmoja ulipinduka. Nilikuwa kwenye boti pekee ya injini tuliyokuwa nayo, tukawafikia baada ya dakika ambazo sikuzihesabu. Watatu walikuwa wamekamata mtumbwi uliogeuka. Wa nne, yule kijana, alikuwa ameshikilia kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kasia. Tulimwambia aliachie ashike kamba. Hakutaka. Alikuwa ameshameza maji, midomo imebadilika rangi, anasema, "La watu, la watu." Lilikuwa kasia la kuazima.

Nilimuuliza baadaye, akiwa amefunikwa kanga, kwa nini hawakurudi walipoona wenzao wanarudi. Akasema, "Tungerudi tungepata sifuri, mama." Kijana alikuwa amefuata kanuni niliyoiandika mimi.

Nchi kavu kulikuwa na ugomvi mwingine. Boya letu lilikuwa dumu la lita 20 lililopakwa rangi nyekundu, limefungwa kamba ya mita 30 na gunia la mchanga. Ziwa Tanganyika, sehemu yake ya chini kabisa, lina kina cha mita 1,470, na hata karibu na ufukwe kuna mahali sakafu inashuka ghafla kama ukingo wa meza. Gunia letu halikugusa chini. Boya likatembea na upepo kuelekea ufukweni. Mitumbwi mitatu iliyofika huko haikufanya kitu kimoja: miwili ililifuata dumu lilipokuwa, mmoja ulikwenda mpaka mahali ulipoonyeshwa boya siku ya mafunzo, ukapiga kona hapo, mbali zaidi, ukafika wa tatu. Nani mkweli? Kanuni zilikuwa kimya. Na aliyefika wa kwanza alitumia mtumbwi mpya wa mbao nyembamba, huku wa pili akiwa na mtumbwi wa gogo wa babu yake, mzito, umekunywa maji miaka na miaka. Watu walisema ulioshinda ni mtumbwi, si mikono. Tulishindwa kuamua, tukagawa zawadi ya kwanza mara tatu, kila mtu akaondoka na hasira.

Nikafunga hesabu. Matumizi yote yalikuwa shilingi 1,940,000. Fulana na spika zilichukua 640,000. Uokoaji, yaani petroli na posho ya nahodha wa boti, ulichukua 85,000. Anayetaka kuanzisha mbio zake aziangalie namba hizo mbili zikiwa pamoja. Majaketi ya kujiokolea tulikuwa nayo tisa kwa watu 56.

Mama wa yule kijana anaanika dagaa kwenye kichanja kinachopakana na changu. Kwa wiki tatu hakuitikia salamu yangu. Tulikuwa tunageuza dagaa bega kwa bega, turubai lake likigusa langu, bila neno.

Desemba mdogo wangu alikuja likizo. Alisoma Poland, na majira ya joto alikuwa akijitolea kwenye uwanja wa Leszno, mji uliowahi kuandaa mashindano ya dunia ya glaida mwaka 1958, 1968 na 2014. Glaida ni ndege isiyo na injini. Inavutwa juu kwa ndege nyingine au kwa winchi, inaachiwa, halafu rubani anatafuta hewa ya moto inayopanda, anazunguka ndani yake kama mwewe mpaka apate urefu, kisha anateleza kwenda mbele akitafuta nyingine. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kushika bawa na kusukuma ndege. Lakini masikio yalikuwa wazi. Nilipomsimulia yetu, tukiwa tunakula ugali kwa mgebuka, aliacha kula. "Dada," akasema, "ugomvi wenu ndio ugomvi wao. Wao wamegombana miaka mingi zaidi, basi."

Nilimweka chini jioni nne nikaandika. Najua ndege na mtumbwi ni vitu viwili, lakini vyote vinategemea hewa usiyoweza kuiamuru, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

La kwanza, wenzetu hao hawapangi njia mwezi mmoja kabla. Kila asubuhi ya mashindano wanasoma hali ya hewa, wanapanga njia ya siku ile, na mara nyingi wanakuwa na njia ya A na njia ya B, pengine na C. Marubani wanakutana wote, wanapewa karatasi, na hali ikibadilika kabla ya mstari wa kuanzia kufunguliwa wanaambiwa tumehamia B. Hali ikiwa mbaya siku inafutwa, hakuna aibu.

La pili, wana namna mbili kuu za kupanga. Moja ni mbio zenye vituo maalumu: wote wanazunguka vituo vilevile, mwenye kasi kubwa anashinda. Ya pili ni ya maeneo na muda: unapewa maeneo mapana badala ya vituo, na muda wa chini, tuseme saa tatu. Rubani mwenyewe anaamua aingie ndani ya eneo kiasi gani kabla ya kugeuka. Kasi yake ni umbali aliokwenda kugawanya kwa muda aliotumia. Akirudi kabla ya muda wa chini kwisha, anahesabiwa muda ule wa chini, kwa hiyo kuwahi sana ni hasara. Mwenye ndege dhaifu anageuka mapema, mwenye nguvu anakwenda mbali, na wote wanarudi nyumbani saa zinazokaribiana.

La tatu ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Glaida ikikosa hewa inatua shambani kwa mtu. Ni jambo la kawaida kabisa, na rubani aliyetua shambani anapata pointi za umbali aliokwisha kwenda. Hapati za kasi, lakini si sifuri.

Tulikaa chini ya mwembe kuanzia Januari mpaka Julai, karibu kila mwezi, wakati mwingine watu sita, wakati mwingine thelathini. Ushauri wangu wa kwanza kwa wanaoanza: kanuni zijadiliwe na wapiga kasia wenyewe, mapema, na kila kifungu kisomwe kwa sauti. Sisi mwaka wa kwanza tuliziandika kamati peke yetu.

Jambo la boya halikutuchukua muda. Marubani wa glaida hawana boya angani. Kituo kwao ni namba za ramani zenye duara kuzunguka, na kifaa cha setilaiti kinaonyesha kama uliingia. Sisi tukakubaliana kwamba kituo ni boti ya msimamizi, si dumu. Boti inakaa mahali pake kwa kusoma simu, injini ikiwashwa kila inapovutwa na upepo, na msimamizi anaandika namba ya kila mtumbwi unaopita. Boti hiyohiyo ndiyo ya uokoaji. Kwa gharama moja tulipata vitu viwili.

Suala la pointi za umbali lilitaka kuvunja kikao. Wazee wawili walisema tunalea uvivu, mtu atapiga kasia kilomita mbili ashuke pwani akalale na bado tumpe pointi. Nikasimama nikasema habari ya kasia la kuazima. Sikuwa nimepanga. Mama yake kijana alikuwepo, amekaa nyuma, na sikumtazama. Kikao kikakubali: atakayevuta mtumbwi pwani popote apate pointi za umbali mpaka boti ya mwisho aliyoipita.

Uliochukua miezi ulikuwa ugomvi wa vyombo. Kwenye glaida kuna madaraja: mengine yanapangwa kwa upana wa mabawa, na daraja la Klabu linachanganya ndege za aina nyingi kwa handikapu, yaani kila aina ina namba yake inayosawazisha kasi. Mimi niliipenda sana njia hii kwa sababu mitumbwi yetu ni michache, ukiigawa madaraja unabaki na mbio za watu wanne. Fundi mitumbwi mmoja alinipinga. Nilitaka tutumie urefu wa mtumbwi. Akaniuliza, "Mbao iliyokunywa maji utaipima kwa futi?" Alikuwa sahihi.

Basi tukaamua kupima kwa kazi. Vijana wanne walewale, wasio na mtumbwi wao kwenye mashindano ili wasiwe na sababu ya kuzembea, wapige kasia kila chombo kilomita moja kwenye maji tulivu, nasi tuchukue muda. Tulipima vyombo 11 asubuhi moja. Na hapo nikakosea tena: vya mwisho vyote vilionekana vizito, kumbe vijana walikuwa wamechoka. Tukarudia siku mbili, siku ya pili tukianza na vile vya mwisho, tukachukua wastani. Mtumbwi wa mbao uliokuwa mwepesi kuliko vyote ulitumia dakika 8, ule wa gogo wa babu dakika 10. Wa mbao tukaupa namba 1, wa gogo 0.80, na kasi ya kila chombo inagawanywa kwa namba yake. Gogo likienda kilomita 5 kwa saa, linaandikiwa 6.25. Anayetaka kufanya hivi atenge asubuhi tatu, na awalipe vijana wale vizuri.

Kufuatana nako kulijadiliwa. Mtumbwi unaokaa nyuma ya mwenzake ubavuni mwa wimbi lake unapunguza kazi, halafu mwishoni unachomoka. Marubani wa glaida wana malalamiko yaleyale: mstari ukifunguliwa kila mmoja anachagua dakika yake ya kuondoka, na wengine wanasubiri wenzao watangulie ili wawaonyeshe hewa inapopanda, kisha wawafuate. Sisi tuliondoa hiari hiyo kabisa. Kura, na mtumbwi mmoja kila dakika mbili. Ilitufaa pia kwa sababu maji ya ziwa yamepanda miaka hii, ufukwe wa Kibirizi umeliwa, na vyombo vingi kupangwa mstari mmoja havienei tena.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Watu walitoka humo mifuko mitupu. Tukashusha kiingilio kutoka shilingi 20,000 hadi 5,000, tukafuta fulana na spika. Majaketi ya kutosha watu wote tuliazima mialo mitatu, kwa barua, kila jaketi na namba yake, na kurudisha kulinigharimu siku nzima. Tarehe tukaweka Jumamosi 21 Septemba, siku tatu baada ya mwezi mpevu.

Tulitandaza boti nne, moja kila kilomita, kuanzia kilomita 2 mpaka 5, zote zikifuata pwani ya kaskazini badala ya mdomo wa ghuba. Muda wa chini dakika 75. Saa 12 asubuhi tulikusanyika pwani, nikasoma njia A ya vituo na njia B ya muda. Mawingu yalikuwa mazito upande wa Kongo na wazee wakasema hawaiamini siku. Tukachagua B. Wa kwanza akaondoka saa 1:30.

Ziwani kila kitu kilikwenda vizuri. Pwani hapana. Mtumbwi wa kwanza kurudi ulikuwa umegeuka kilomita 3, umetumia dakika 62. Watu wakaushangilia, wakawabeba vijana mabegani. Nikalazimika kuwaambia kwamba kilomita 6 zao zinagawanywa kwa dakika 75, si 62, kwa hiyo kasi yao ni 4.8. Mtumbwi uliokuja nyuma yao, uliogeuka kilomita 4 na kutumia dakika 80, ulikuwa na kasi ya 6. Bado handikapu haijaingia. Fikiria kuwaeleza hayo watu mia tatu bila spika. Wengine waliondoka wakiamini tumeiba. Mdogo wangu alikuwa ameniambia kwamba hata kwenye glaida wapo wanaopinga njia ya muda kwa sababu hiyohiyo, mtazamaji hajui nani anaongoza, nami nilisikia nikapita.

Msimamo wangu sasa ni huu. Njia ya muda itumike siku yenye mashaka tu, na hesabu iandikwe kwenye ubao mkubwa mbele ya watu, mstari kwa mstari, chombo kinapofika. Siku tulivu iwe njia ya vituo, fupi, inayoonekana kutoka pwani. Kuhusu handikapu sina raha bado. Tulipima kwenye maji tulivu, lakini mawimbi yakiinuka gogo zito linashika njia kuliko mbao nyepesi inayorushwarushwa, na ile 0.80 inakuwa zawadi. Fundi anataka tupime tena siku ya upepo. Naona ana hoja, ila nani atawapeleka vijana wanne kwenye upepo kwa ajili ya kupima? Hilo tutalijadili.

Yule kijana alishiriki tena, na wenzake walewale, kwenye mtumbwi wa mbao wa mjomba wake. Walipopita kilomita 3 kalafati, yaani kizibo cha nyufa za mbao, ikafunguka karibu na mkuku, maji yakaanza kuingia kuliko walivyoweza kuyakumba. Hawakuendelea. Walivuta mtumbwi pwani, wakamwachia mtu wa kuulinda, wakarudi kwa miguu wamebeba makasia begani. Waliandikiwa kilomita 3, wakawa wa tisa.

Jioni ile nilikuwa nakusanya dagaa kabla ya umande. Mama yake akaja upande wangu wa turubai, akaniuliza, "Hizo tatu umezipataje?" Nikafungua daftari, tukakaa juu ya ndoo, nikamwonyesha karatasi ya msimamizi wa boti ya pili, namba ya mtumbwi wao, na dakika waliyopita.